Namba Isiyo na Kitu Chake

Msimu wa karafuu ulipofika, kazi yangu nyumbani ilikuwa daftari. Wachumaji wakirudi jioni, kila mmoja na pakacha lake, wanakaa kwenye majamvi kuchambua, karafuu huku na makonyo kule. Kisha marehemu baba anashika pishi, anapima, na mimi naandika. Huyu pishi sita na vibaba vitatu. Yule pishi nne unusu. Mwengine jana alibakishiwa kibaba kimoja, leo kinaongezwa. Pishi ni vibaba vinne, hilo hakuna mtoto wa Pemba wa umri wangu aliyehitaji kufundishwa. Nilikuwa darasa la sita, na Jumamosi ya malipo hesabu zangu zilikuwa zinakubalika. Lau ningekosea ningeambiwa pale pale, maana mchumaji anajua alichochuma.

Skuli mambo yalikuwa mengine. Hisabati ya kidato cha nne nilipata D, na hiyo D niliipokea kwa kushukuru. Nilipoomba kusomea uuguzi, shangazi yangu mmoja aliniambia kwa huruma kabisa, "Mwanangu, huko kuna mahesabu ya dawa, utaweza?" Nikakaa na swali hilo safari nzima ya meli kutoka Mkoani mpaka Unguja.

Sasa ni mimi ninayeulizwa. Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, napata ujumbe kutoka kwa wasichana, na siku hizi wavulana pia, wamefaulu Bailojia na Kemia lakini Hisabati imewaangusha au imewapitisha kwa taabu. Wanataka kujua kama wajaribu. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeliandika hapa.

Nianze na yale ambayo hutayakuta. Wodini hakuna atakayekuuliza logarithimu. Hakuna pembetatu wala milinganyo ya kipeo cha pili. Utakutana na kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu, desimali, asilimia na uwiano. Basi. Yote hayo uliyasoma kabla ya kutoka skuli ya msingi. Ukiniambia huna msingi wa hesabu, nitakuomba unieleze ulivyonunua samaki jana.

Ugumu uko pengine. Chuoni tulifundishwa kanuni moja, tukaiimba kama kaswida: kinachotakiwa, gawanya kwa ulicho nacho, zidisha kwa ujazo. Ni kanuni nzuri na mpaka leo naitumia. Kinachoniuma ni kwamba tuliiimba muda mrefu sana kabla ya kushika hata ampuli moja mkononi. Tulifanya maswali ubaoni, "dawa A, miligramu 300", tukapata majibu, tukapewa alama. Dawa A ilikuwa nini? Ilikuwa kwenye chupa ya aina gani? Mgonjwa alikuwa na kilo ngapi? Hatukuuliza, kwa sababu mtihani nao haukuuliza. Nilitoka darasani naweza kukokotoa, na bado nilikuwa hatari kwa mtoto wa mtu.

Siku niliyojua hivyo ilikuwa usiku, nikiwa bado mgeni kazini. Kulikuwa na kichanga wa siku nne, kilo tatu kamili, ana homa na hanyonyi vizuri. Miongoni mwa dawa alizoandikiwa ilikuwa gentamaisini, miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Tano mara tatu, kumi na tano. Hesabu hiyo niliifanya kabla sijafika kwenye meza ya dawa. Na kwa kuwa wiki mbili zilizotangulia tulikuwa tunatumia ampuli za watoto, zenye miligramu 20 ndani ya mililita 2, yaani miligramu 10 kwa kila mililita, mkono wangu ulishajua: kilo tatu ni mililita moja na nusu. Nikavunja ampuli, nikavuta 1.5, nikaanza kutafuta pamba.

Mkunga wa zamu alikuwa mtu mzima, sote tukimwita Bi Mkubwa. Alikuwa amekaa upande wa pili akiandika ripoti, na hakunyanyua kichwa.

"Mwanangu, hiyo ampuli ya ngapi?"

"Ya gentamaisini, Bi Mkubwa."

"Sikukuuliza ya nini. Nimekuuliza ya ngapi."

Nikaiokota kwenye kisahani, nikaigeuza kwenye taa. 80 mg/2 ml. Ampuli ya mtu mzima, iliyoletwa jioni ile baada ya zile za watoto kwisha. Kimo kile kile, mililita mbili zile zile, na maandishi madogo ya kukaza macho. Kila mililita ilikuwa na miligramu 40. Ndani ya bomba langu, badala ya miligramu 15, kulikuwa na 60. Mara nne.

Gentamaisini ikizidi hugusa figo, na hugusa masikio. Mtoto angeweza kukua asisikie, na mama yake asijue kamwe kwamba sababu ni dada mmoja aliyekuwa na uhakika wa moja na nusu yake. Nilikaa chini. Bi Mkubwa hakunigombeza. Alichukua ampuli nyengine na bomba la mililita kumi, akavuta zile mililita mbili zote, akaongeza maji ya sindano mpaka ikafika alama ya nane.

"Hapa mna miligramu ngapi?"

"Themanini."

"Kwenye mililita ngapi?"

"Nane."

"Haya, kila moja ina ngapi?"

Kumi. Sasa mililita moja na nusu ilikuwa sahihi, na zaidi ya hapo ilikuwa rahisi kupima. Bila kuchanganya, jibu ni 15 gawanya kwa 40, mililita 0.375, kipimo ambacho ni lazima uwe na bomba dogo la mililita moja na macho mazuri, saa tisa za usiku. Alinipa bomba, akasimama pembeni yangu mpaka dawa ikaisha kuingia, kisha akarudi kwenye ripoti yake.

Nimelifikiria tukio lile kwa miaka. Hesabu yangu haikuwa na kosa: tano mara tatu ni kumi na tano, na kumi na tano kwa kumi ni moja na nusu. Kosa lilikuwa namba iliyoachana na kitu chake. Kule kwenye majamvi nisingeweza kukosea vile, kwa sababu nilipoandika "sita" nilikuwa naziona pishi sita, nasikia harufu yake, na mwenyewe amesimama mbele yangu. Wodini niliibeba "moja na nusu" peke yake, kutoka chupa moja kwenda chupa nyengine, kama kwamba ni mali yangu.

Kwa hiyo msichana anayeniuliza ajifunze hesabu gani kabla ya kwenda chuo, namwambia hivi: usitamke namba peke yake. Usiseme "nimempa tano". Tano nini? Mililita, miligramu, tembe, uniti? Miligramu tano kwenye chupa gani, kwa mtu wa kilo ngapi? Ukizoea kusema namba pamoja na kitu chake, kwa sauti, hata ukiwa peke yako, nusu ya kazi umeshaimaliza.

Asilimia ndiyo inayowatisha wengi, na hapa tui la nazi limenisaidia kuliko kitabu chochote. Ukikuna nazi ukakamua mara ya kwanza unapata kasimele, zito. Ukitaka tui la wali hulimwagi kasimele, unalizimua kwa maji. Nazi ni ile ile, umeongeza maji tu. Sasa chukua magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ambayo kila mkunga anapaswa kuijua usingizini. Inakuja ikiwa ya asilimia 50. Maana yake ni gramu 50 ndani ya mililita 100, yaani gramu 5 ndani ya mililita 10. Hiyo ni kasimele. Dozi ya mwanzo ya mshipani ni gramu 4, nayo haiingizwi ikiwa nzito hivyo, inazimuliwa mpaka iwe asilimia 20. Gramu 4 zimo katika mililita ngapi za ile nzito? Nane. Na ikiwa ni ya asilimia 20, gramu 4 zinahitaji kukaa katika mililita 20. Basi chukua mililita 8 za dawa, ongeza mililita 12 za maji, ingiza polepole. Mama anatikisika kitandani, meno yamekaza, ndugu zake wanalia nje ya mlango, na wewe unatakiwa ukumbuke nane na kumi na mbili. Ukizikariri bila kuzielewa zitakukimbia saa ile ile unayozihitaji. Ukielewa kwamba unazimua kasimele, utazipata tena hata kama umezisahau.

(Dozi ninazozitaja humu ni za kuonyeshea hesabu. Ukiwa kazini fuata mwongozo uliobandikwa ukutani kwako, si makala yangu.)

Hata maji ya kusafishia vifaa yana hesabu hiyo hiyo. Jik ya asilimia 3.5 tunaifanya iwe 0.5. Gawanya 3.5 kwa 0.5 unapata 7, kisha toa 1. Kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji. Nimeona wengi, na wengine wakubwa wangu kikazi, wakitia vikombe saba vya maji kwa kusahau kwamba kile kikombe cha Jik chenyewe ni miongoni mwa saba.

Halafu kuna dripu, kazi niipendayo zaidi. Daktari anaandika lita moja kwa saa nane. Unachukua mrija, unasoma pakiti yake: matone 20 kwa mililita. Lita moja basi ni matone 20,000. Saa nane ni dakika 480. Gawanya, unapata 41 na ushei, sema 42 kwa dakika. Sasa unasimama kando ya kitanda, jicho moja kwenye kile kichupa cha matone na jengine kwenye mshale wa sekunde. Hakuna haja ya kungoja dakika nzima, robo dakika inatosha: matone kumi au kumi na moja. Unafungua kidogo gurudumu, unahesabu tena. Unafunga kidogo, unahesabu tena.

Ila mrija si mmoja. Iko ya matone 15 kwa mililita, na ukiuwekea huo 42 zako za jana, lita yako itakwisha kwa saa sita badala ya nane. Kwa kijana aliyeharisha inaweza isiwe neno. Kwa bibi mwenye moyo uliochoka, maji hayo yanaishia kwenye mapafu. Iko na mirija ya matone madogo, 60 kwa mililita, tunayotumia kwa watoto, na hii ina raha yake: matone kwa dakika ni sawa sawa na mililita kwa saa, kwa kuwa zile 60 za matone na zile 60 za dakika zinafutana. Mtoto anatakiwa apate mililita 30 kwa saa? Matone 30 kwa dakika. Mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe, bila kuambiwa, uso wake unafunguka, na mimi huwa naisubiri dakika hiyo.

Wapo wanaoniambia siku hizi kuna pampu. Zipo, na ni neema. Lakini umeme wetu Pemba unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na siku ukikatika na betri ya pampu ikachoka, anayebaki ni wewe na saa yako ya mkononi.

Saa nayo ina mtihani wake kwetu. Chati ya dawa imeandikwa kwa saa 24, na sisi tunaishi kwa saa za jua. Dawa ya kila baada ya saa nane inaandikwa 06:00, 14:00, 22:00. Mgonjwa na jamaa zake wanasikia saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Njia yangu ni kutoa sita, na ikizidi kumi na mbili natoa kumi na mbili nyengine: 22 toa 6 ni 16, toa 12 ni 4. Ni hesabu ya mtoto mdogo, lakini ifanye saa nane za usiku ukiwa na wagonjwa ishirini, ndipo utajua kwa nini nasema ifanye kwa maandishi. Na unapomruhusu mama kwenda nyumbani, "mara tatu kwa siku" haitoshi. Atampa mtoto dawa saa moja asubuhi, saa saba mchana na magharibi, halafu usiku wote hakuna kitu. Mwambie saa zenyewe.

Kubwa kuliko yote, kwa kliniki za huku kwetu, ni tarehe. Mama mjamzito unamuuliza siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, nawe umeshika kanuni ya chuoni: ongeza siku saba, ongeza miezi tisa. Anakujibu, "Ilikuwa Mfungo Sita, siku ya Maulidi." Mfungo Sita ni mwezi wa sita wa mwandamo baada ya Ramadhani, na Maulidi ni tarehe 12 yake. Amekujibu kwa usahihi mkubwa, pengine kuliko yule aliyekwambia "katikati ya mwezi wa tisa", na bado nimewaona wauguzi wakimkaripia kwamba hajui tarehe yake. Anaijua. Asiyejua kuihesabu ni muuguzi.

Hesabu yenyewe si nzito. Mimba tunaihesabu siku 280 kutoka hedhi ya mwisho. Mwezi wa mwandamo una siku 29 au 30, tuseme 29 na nusu. Miezi tisa ya mwandamo basi ni siku 265 na nusu, zinabaki kama siku 14. Kwa hiyo kwa kalenda yetu, ongeza miezi tisa na wiki mbili. Kutoka tarehe 12 Mfungo Sita, miezi tisa inakufikisha tarehe 12 Mfungo Tatu, na wiki mbili juu yake ni kama tarehe 26. Nilimwambia mama mmoja hivyo hivyo: "Mwanangu, utakula nyama ya Idi ya kuchinja, kisha baada ya wiki mbili na kitu ujiandae." Alicheka, akasema ndiyo mara ya kwanza kuambiwa tarehe anayoweza kuikumbuka. Kwenye kadi niliandika tarehe ya kalenda ya ukutani, kwa sababu hiyo ndiyo itakayosomwa na mwenzangu. Nyuma ya kadi nikaandika kwa penseli: 26 Mfungo Tatu.

Wanawake wetu wana vipimo vingi namna hii, na sipendi vidharauliwe. Kanga ni kimojawapo. Kuna utafiti uliofanywa Kigoma na kuchapishwa 2005, ulioonyesha kwamba kanga zinaweza kutumika kupimia damu ya uzazi: zikilowa mbili, mama amepoteza kiasi cha nusu lita, na hapo ni hatari. Mkunga wa jadi asiyejua mililita ni nini alikuwa na namba yake na kitu chake, vimeshikana. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Bi Mkubwa, ambaye alikuwa akiinua kitambaa kilicholowa, akikipima mkononi kama anayepima karafuu, kisha anasema namba. Tulipokuja kukiweka kwenye mizani, hakuwa mbali.

Hicho ndicho ningependa vyuo vifundishe mapema: kukisia kabla ya kukokotoa. Kabla hujagusa simu kutafuta kikokotoo, jiulize jibu litakuwa kama ngapi. Mtoto ni mdogo, dawa ni nzito, basi natarajia kitu chini ya mililita moja. Kikokotoo kikikwambia 3.75, utashtuka. Usipokisia, utakiamini, na kikokotoo hakijui kwamba kidole chako kimeteleza kwenye nukta. Ndiyo maana pia tunaandika 0.5, sifuri ikiwa mbele, na hatuandiki 5.0. Nukta ikififia, ya kwanza itakuwa 05 na mtu atasita. Ya pili itakuwa 50, na hakuna atakayesita.

Na uliza. Najua uzito wa neno hilo. Sisi tumelelewa na adabu ya kutomsumbua mkubwa, na mwanafunzi anaona haya kumwendea muuguzi wa zamu na hesabu ya sita gawanya kwa nne. Mimi mwenyewe, baada ya miaka yote hii, dawa ya kichanga siichomi mpaka mwenzangu ameihesabu upya bila kuoneshwa jibu langu. Akipata tofauti, tunaanza wote upya. Huwa inachukua dakika moja na nusu, nimepima.

Yule mama wa Maulidi alikuja mwenyewe kwa miguu, uchungu umeshakolea, tarehe 24 Mfungo Tatu. Alijifungua saa tano usiku, mtoto wa kike. Bibi wa mtoto alinisahihisha: jua lilishakuchwa, kwa hiyo mjukuu wake ni wa tarehe 25. Nikamwambia ni kweli. Kisha nikageuza kadi, nikaandika 23:00, gramu 3,150.